Maneno yaseme nini, picha ionyeshe nini

SWALI: Nimeandika hadithi ya watoto wa miaka 4 hadi 7. Haina jini wala mnyama anayeongea. Ni mtoto, Zawadi, na babu yake wanaohangaika na baiskeli ambayo cheni yake haiishi kuchomoka, mpaka mwisho mtoto anajua kuendesha. Ina maneno 1,150. Mchoraji ameshachora picha 14 kwa penseli, nzuri kweli, lakini nikiwasomea watoto wanaanza kujinyonganyonga wakifika picha ya tano. Mwenzangu anasema picha zinarudia maneno. Picha ya pili, kwa mfano, inaonyesha kila kitu na maandishi yake ni haya: “Asubuhi hiyo Zawadi alikuwa amevaa fulana ya njano. Baiskeli nyekundu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Babu alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, ameshika spana. Zawadi alikasirika kwa sababu cheni ilikuwa imechomoka tena.” Nitajuaje kipi ni cha maneno na kipi ni cha picha?

JIBU: Mwenzako kaona sawa, ila kaona nusu. Kurudia ni dalili tu. Chanzo ni kwamba uliandika hadithi inayojitosheleza, kisha ukampa mchoraji aipambe. Mtoto anayesomewa hasomi maneno. Macho yake yako huru tangu ukurasa unapofunguka, na yanaimaliza picha kabla wewe hujamaliza sentensi ya kwanza. Kila unapomwambia alichokwisha kukiona, unamngojesha.

Piga hesabu ya huko kungoja. Maneno 1,150 kwa picha 14 ni maneno 82 kwa kila picha. Ukisoma kwa mwendo wa kumsomea mtoto, tuseme maneno 100 kwa dakika, anakaa sekunde 49 mbele ya picha moja isiyosogea. Akimaliza ya tano, dakika nne zimekwenda. Lenga maneno 30 hadi 40 kwa kila jozi ya kurasa, yaani ukurasa wa kushoto na wa kulia ulivyo wazi mbele yake. Kwa kitabu kizima hayo ni kama maneno 500. Wala usiyagawe sawasawa kama mgao wa chakula: jozi moja inaweza kubeba 70, nyingine neno moja, nyingine isiwe na neno hata moja. Shukuru kwamba picha bado ziko kwenye penseli, kwa sababu rangi ikishaingia kila badiliko ni kuchora upya.

Chapa hadithi yako, acha nafasi pana kati ya mistari, chukua kalamu nyekundu na upigie mstari kila kinachoonekana kwa jicho: rangi ya nguo, mahali, jua au mvua, nani kakaa wapi, nani kashika nini, uso umekunjamana au umechangamka. Kisha shika kalamu ya buluu na upigie mstari kisichochoreka: jina, sauti, harufu, uzito, muda, sababu, mtu anachowaza na anachosema. Chekundu kifute, isipokuwa pale nitakapokuambia ukiache. Buluu ndiyo maandishi yako.

Mpaka wenyewe unaonekana vizuri ukiitazama sarufi. Kiambishi hu- hakichoreki. “Babu huamka mapema” ni tabia, na picha haijui tabia. Inamjua babu mmoja asubuhi moja. Ukanushaji nao hauchoreki: “Mama hakuja” kwenye picha ni mlango usio na mtu, na mtoto asipoambiwa ataona mlango tu. Na ile -ka- ya masimulizi inakimbia kuliko penseli. “Akalegeza nati, akavuta gurudumu nyuma, akalinyoosha, akakaza” ni vitendo vinne, na picha ina nafasi ya kimoja. Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing alilichambua jambo hili tangu mwaka 1766: maneno yanafuatana katika wakati, picha inakaa mahali, kwa hiyo mchoraji inambidi achague dakika moja iliyobeba iliyotangulia na inayokuja. Mpaka leo ni shauri zuri kwa kila mchoraji anayetaka kuonyesha kitu kinaanguka.

Kuna pia yale ambayo Kiswahili hakiyasemi na picha inayasema bila kuombwa. “Alifika” haikuambii kama ni mwanamke au mwanamume, mzee au kijana. “Akamshika mkono” haisemi nani kamshika nani. Kwenye hadithi isiyo na picha ungelazimika kutaja majina. Hapa picha imeshajibu, na unaweza kufuta “Zawadi” na “Babu” nyingi tu. Angalia lakini: picha ikiwa na watu watatu, ile a- inageuka kitendawili na jina inabidi lirudi. Vionyeshi, yaani maneno kama huyu, ile na mle, ndivyo hazina kubwa zaidi, na waandishi wengi wanaisahau. Hivyo ni vidole. Ukiandika “Mle ndimo zinamokaa spana za babu,” mtoto anainama kwenye picha kutafuta mle ni wapi, akute sanduku lililo wazi chini ya benchi, na neno “sanduku” hukulitaja. Kionyeshi kinafanya kazi endapo kitu kipo kwenye ukurasa na kiko kimoja. Masanduku yakiwa mawili, umempoteza.

Picha pia ni bubu. Tanakali za sauti ni mali ya maneno moja kwa moja: pu, kacha, chubwi. Ukimwona mwandishi ameandika “gurudumu lilizunguka kwa kasi” wakati mchoraji ameshachora njiti za gurudumu zikipotelea katika ukungu, ujue nafasi ya “krrrr” imeliwa.

Sasa tuichukue hiyo jozi yako ya pili, yenye maneno 31. Ningeibakiza hivi:

“Tena?” Zawadi akauliza. Mara ya tatu, na leo ni Jumanne tu.

Maneno 11. Fulana, ukuta, kuchuchumaa na cheni inayoning’inia vimehamia kwenye picha, vilikokwisha kuwepo. Hasira imehamia pia, lakini hapa mchoraji ana kazi: asiiweke kwenye nyusi peke yake. Aiweke mwilini. Mikono imefumbatwa, mtoto ameipa baiskeli mgongo. Kisha tazama kilichoingia: hesabu ya mara tatu na siku ya wiki, mambo ambayo hakuna penseli ingeyachora. Neno “tena” linabeba historia nzima ya baiskeli hiyo. Mtoto anaunganisha mwenyewe, “Aa, cheni!”, na kule kuunganisha ndiko kunakomfanya akae.

Niliahidi mahali pa kuacha wekundu. Neno jipya liache litajwe siku linapoonekana mara ya kwanza. Mtoto wa miaka minne huenda hajui kinachoitwa spana, basi babu aseme, “Nipe spana hiyo,” mkono wake ukiwa umenyooshwa kuelekea kitu chenyewe. Liweke kinywani mwa mhusika, maana likitoka kwa msimulizi linanuka darasa. Kibwagizo nacho kiache, hata kama picha inakirudia kila mara. Watoto wanakipenda kwa sababu wanakijua. Na kama ungekuwa unawaandikia wa miaka miwili, ningefuta nusu ya ushauri huu, kwani kwao kutaja jina la kinachoonekana ndiyo raha yenyewe.

Maria Nikolajeva na Carole Scott, katika uchambuzi wao wa mwaka 2001, waliyapanga mahusiano ya maneno na picha kuanzia pale yanapolingana mpaka pale yanapopingana. Wengi wakishasoma hivyo hukimbilia upinzani, kwa sababu unachekesha. Katika hadithi ya uhalisia utumie kwa kipimo, na ujue nani anasema uongo. Zawadi ameanguka. Picha inaonyesha goti limechubuka, damu inachuruzika mpaka soksi. Msimulizi akiandika “Zawadi hakuumia,” mtoto ataona kitabu kimekosea, na yuko sahihi: anaamini jicho lake kuliko sauti yako. Sasa weka maneno yaleyale kinywani mwake: “Siumii,” alisema Zawadi. Hapo hapo mtoto anacheka au anamhurumia, kwa sababu anajua kitu ambacho mhusika anakificha. Msimulizi wa uhalisia hapingani na picha. Wahusika wanaruhusiwa.

Hadithi ya uhalisia ina mzigo mwingine ambao ya majini haina: msomaji anacho kielelezo cha kulinganishia. Joka likichorwa na miguu mitano hakuna wa kuuliza. Baiskeli ikichorwa na cheni upande wa kushoto, mtoto aliyenayo nyumbani atauliza, maana cheni ya baiskeli ya kawaida iko kulia kwa aliyekaa kwenye kiti. Kosa hili huingia kwa mlango mmoja mara nyingi: mchoraji anachora Zawadi akienda kushoto, mhariri anataka aende kulia ili afuate mwelekeo wa kusoma, na mtu anaigeuza picha nzima kwenye kompyuta kama kwenye kioo. Cheni imehama. Plasta imehama goti. Aliyekuwa anatumia mkono wa kulia amekuwa wa mkono wa kushoto. Picha ikigeuzwa hivyo, lazima ikaguliwe upya kitu kwa kitu.

Na spana inagusa wapi? Cheni inayochomoka kila mara mara nyingi imelegea, na kwenye baiskeli ya mtoto isiyo na gia dawa yake ni kulegeza nati mbili za ekseli ya nyuma, kuvuta gurudumu nyuma kidogo, kulinyoosha na kukaza. Basi mdomo wa spana ukae kwenye nati hiyo. Nimeona michoro mingi ambayo spana imeelekezwa “huko huko kwenye gurudumu”, na mtoto aliyewahi kushika baiskeli anagundua kwamba babu anajifanya. Mwandishi ndiye wa kumwambia mchoraji haya, kwa sababu maandishi yaliyopunguzwa hayayasemi tena. Watu huona kupunguza maneno ni kupunguza kazi. Utafiti unabaki uleule, unahamia upande wa pili tu.

Vipimo vya mwili na vitu vifanywe mapema. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa karibu sentimita 110, ambao ni kama vichwa vyake sita. Mtu mzima ana kama saba na nusu. Ukichukua mtu mzima ukampunguza, hupati mtoto, unapata mtu mzima mfupi. Kitasa cha mlango, kikiwa karibu mita moja kutoka sakafuni, kinamfikia machoni, na meza ya sentimita 75 inamfika kifuani. Vipimo hivyo viwili peke yake vinakuamulia picha za ndani ya nyumba: ukitaka msomaji awe upande wa Zawadi, simamisha mtazamo kwenye mita moja, uone chini ya meza na tundu za pua za babu. Ukitaka aonekane mdogo na mpweke, panda juu utazame kutoka kwenye dari. Mchoraji anayetumia picha za simu kama rejea asimame mita mbili au tatu na ashushe simu kimo hicho cha mtoto. Akipiga kwa karibu sana, kilicho mbele kinavimba, na uvimbe huo unaingia kwenye mchoro bila mtu kujua ulikotoka.

Mwombe pia akuandalie karatasi ya mhusika: Zawadi mbele, ubavu na nyuma, akiwa kando ya babu na kando ya baiskeli, pamoja na ramani ndogo ya uwanja ikitazamwa kutoka juu. Halafu ninyi wawili mjaze jedwali moja la jozi 14, mstari mmoja kwa kila jozi: ni saa ngapi, mwanga unatoka wapi, amevaa nini, ana jeraha gani na upande gani, baiskeli iko katika hali gani. Akiangukia kulia, goti linalochubuka ni la kulia, na plasta iliyobandikwa jozi ya nane isipotee jozi ya kumi, ila kama siku zimepita na maneno yamesema hivyo. Kivuli cha asubuhi kikiegemea upande mmoja wa uwanja, cha jioni kinaegemea upande wa pili, kwa jicho lililosimama palepale. Kazi hii inachosha. Lakini ndiyo inayokupa haki ya kufuta “jioni ilipofika”, kwa sababu kivuli kimeshasema.

Tuje kwenye kugeuza ukurasa, ambako naona ndiko hadithi yako inapotea zaidi kuliko kwenye maneno yenyewe. Mtoto anaona jozi nzima kwa mkupuo. Ukiandika kushoto “Je, Zawadi ataweza?” na kulia umemchora akiendesha, swali limekufa kabla hujalisoma. Siri yoyote ikae nyuma ya karatasi. Chukua ile sehemu babu anapoachia kiti. Kushoto, maneno ni mawili tu: “Babu akaachia.” Mkono wake uko wazi, vidole vimepanuka, baiskeli imesogea kiasi cha kiganja. Upande wa kulia, Zawadi bado anatazama mbele, hajui. Gurudumu la mbele liko karibu na ukingo wa ukurasa, limepinda kidogo. Usimchore akianguka. Mtoto anageuza, na jozi inayofuata haina neno hata moja: baiskeli imelala, gurudumu moja hewani, na Zawadi amekaa chini anakagua kiganja chake. Kuanguka kwenyewe hakukuchorwa wala hakukuandikwa. Kumetokea ndani ya kichwa cha msomaji, karatasi ilipokuwa inageuka. Kama unaihitaji sana ile “Pu!”, iweke juu kabisa ya jozi hiyo inayofuata, pembeni, ndogo.

Kitabu cha kurasa 32, ambacho ndicho cha kawaida kwa sababu karatasi za chapa hukunjwa kurasa 8 au 16, ukitoa kurasa tatu za mwanzo za jina na haki za uchapaji kinakuachia jozi 14, kuanzia 4–5 hadi 30–31, na ukurasa wa 32 peke yake. Idadi yako imekaa sawa. Hakikisha tu picha tatu zinazofuatana hazitazamwi kutoka umbali mmoja. Mchoraji wako, kwa ulivyoeleza, ametamani kuonyesha kila kitu kila mara, na hiyo hutoa picha za mbali mfululizo.

Ya mpangilio niyapitie haraka. Karibu robo ya ukurasa iachwe tulivu kwa ajili ya maandishi, na iamuliwe wakati wa penseli. Maandishi yakipandishwa juu ya majani au mawe baadaye hayasomeki. Herufi za pointi 18 hadi 20 zinatosha kwa umri huo. Nyuso na mikono zikae angalau sentimita moja kutoka kwenye mshono wa katikati, maandishi sentimita moja na zaidi kutoka kwenye kingo, na picha inayofika ukingoni ipitilize milimita 3 za kukatwa. Maandishi yawe meusi, kwenye tabaka lake peke yake katika faili la kompyuta, yasichorwe ndani ya picha, ili kitabu kiweze kutolewa kwa lugha nyingine bila kugusa rangi.

Ukimwandikia mchoraji maelezo, yaweke kwenye mabano ya mraba na uandike yale tu ambayo hadithi inayategemea na maneno hayayasemi: [anasema haumii, goti linatoka damu]. Rangi ya fulana si yako. Upande wa cheni ni wako.

Halafu jaribuni. Chukua karatasi nane, zikunje katikati, una kurasa 32. Bandika nakala za penseli na maandishi mapya. Mwombe mtu ambaye hajawahi kukiona awasomee watoto, wewe kaa pembeni utazame macho yao. Kabla ya hapo, funika maneno na mwombe mtoto mwingine akusimulie kwa picha peke yake. Msomee wa tatu maneno bila picha. Wa picha peke yake akikupa hadithi nzima, maneno yako hayana kazi. Wa maneno peke yake akielewa kila kitu, picha hazina kazi. Kila mmoja akikuuliza swali ambalo jibu lake liko upande uliofichwa, mmefika. Wa picha aulize “Kwa nini babu amechoka hivyo?” na wa maneno aulize “Tena nini?”

Kuhusu ukurasa wa 32: kama umeuandika kwa sentensi inayoanza na “Zawadi alijifunza kwamba”, ifute. Mwombe mchoraji achore ukuta uleule wa jozi ya pili, kutoka palepale, jioni. Spana imetundikwa kwenye msumari wake. Baiskeli haipo.